Hesabu Siku za Dawa: Mazungumzo Kuhusu Kichwa Kinachouma Kila Siku

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wananchi wa Bungoma na majirani wa Kitale. Yanachapishwa hapa ili yasomwe nyumbani, katika baraza la chifu, kwenye kikao cha chama au baada ya ibada.

  

Mazungumzo ya leo ni ya kichwa. Si kichwa cha siku moja, kile kinacholetwa na jua kali au kukesha matangani, kisha kesho yake kimepoa. Ni kile kinachouma leo, kesho na keshokutwa, hata mwenyewe akazoea na kusema, "Hiki ndicho kichwa changu, nilizaliwa nacho."

Wahudumu wa afya wana hesabu yao. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda wa zaidi ya miezi 3, hayo ni maumivu sugu. Aliyefikia hesabu hiyo si mvivu, hajifanyi, na hakurogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 4 kati ya kila 10 duniani wana tatizo la kuumwa na kichwa la aina moja au nyingine. Kwa hiyo hakuna haja ya aibu. Haja ni kujua chanzo, kwa sababu kichwa cha kila siku kina chanzo, na mara nyingi kina nafuu.

Tumchukue mama mmoja. Ni mfano tu, lakini wengi watamtambua. Anauza viazi na kabeji. Mara tatu kwa wiki anapanda matatu alfajiri kutoka Bungoma kwenda Kitale kununua mzigo, na jioni yuko Bungoma akiuza. Asubuhi hali kitu, maana gari halingoji. Kabla ya kufika Kiminini kichwa kimeanza kubana. Akishuka Kitale anaingia dukani, na muuzaji anauliza, "Mama, leo tena?" huku mkono wake tayari umekata tembe mbili. Jioni, karibu na nyumba yake kule Bungoma, ananunua mbili nyingine. Usiku kichwa kikimwamsha, anachukua moja katika dawa za mgongo za mume wake.

Muuzaji wa Kitale anajua tembe mbili. Wa Bungoma anajua mbili. Mume anajua moja. Hakuna anayejua kuwa ni tano, wala kwamba mambo ni hayo hayo karibu kila siku ya mwezi. Hata mama mwenyewe hajui, kwa sababu hajawahi kuhesabu.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu la leo. Dawa ya kutuliza kichwa, ikitumiwa siku nyingi mno, yenyewe inaweza kuwa chanzo cha kichwa kuuma.

Dawa inavyogeuka kuwa chanzo

Jambo hili huwashangaza watu, kwa sababu mgonjwa anaona kwa macho yake kwamba akimeza anapata nafuu. Ni kweli anaipata. Lakini ubongo unaoletewa dawa kila siku huizoea. Dawa ikianza kuisha mwilini, maumivu yanarudi, na safari hii yanarudi mapema zaidi. Anameza tena. Yale maumivu ya mara mbili kwa wiki yanakuwa ya mara nne, kisha ya kila siku. Huwapata zaidi wale ambao tangu awali wana asili ya kuumwa na kichwa, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume.

Kipimo chake ni siku, si wingi wa tembe. Kwa dawa ya kawaida ya aina moja, kama vile parasetamoli, aspirini au ibuprofeni, hatari huanza mtu akiitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Kwa dawa za mchanganyiko, zile zenye aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya tembe moja, na kwa dawa kali kama kodini na tramadoli, hatari huanza mapema, kwenye siku 10 kwa mwezi. Kwa hiyo anayesema, "Mimi humeza moja tu kila asubuhi," tayari amepita mpaka.

Kafeini ni ile ile iliyomo katika chai na kahawa. Mtu aliyezoea vikombe vingi vya chai ya rangi kila siku, akivikosa ghafla, kichwa humuuma. Akimeza tembe yenye kafeini anapoa, kisha anaisifu tembe. Kumbe mwili ulikuwa unadai kafeini yake.

Liko pia suala la viungo vingine. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee na wenye presha. Parasetamoli ni salama ikitumiwa kwa kipimo, lakini ikizidi huua ini. Mtu mzima asipitishe tembe 8 za miligramu 500 ndani ya saa 24. Wengi huvuka mpaka huo bila kujua, kwa kumeza dawa mbili zenye majina tofauti ilhali ndani ni kitu kimoja. Soma maandishi kwenye pakiti, au mwombe muuzaji akusomee. Aspirini asipewe mtoto bila agizo la daktari.

"Ni malaria hiyo"

Katika nyumba nyingi za Bungoma kichwa kikiuma jina la kwanza kutajwa ni malaria. Kuna sababu. Bungoma iko katika ukanda wa magharibi ambako malaria ipo mwaka mzima, na Kitale, ingawa iko juu na kuna baridi, hupata milipuko ya msimu. Malaria ni ugonjwa wa kuua, na mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Lakini malaria haikai kichwani miezi 6 bila homa. Tangu mwaka 2010 mwongozo wa kitaifa unataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, dawa ya malaria haitaponya kichwa. Itakula pesa tu, na chanzo chenyewe kitaendelea kujificha.

Taifodi nayo ni hivyo hivyo. Kipimo cha Widal, kinachofanywa sana mitaani, hakitoshi peke yake kuthibitisha taifodi. Kinaweza kutoa jibu la "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au kupata maambukizi mengine. Mtu aliyetibiwa taifodi mara nne kwa mwaka mmoja na kichwa bado kinamuuma, aulize kama kweli ilikuwa taifodi.

Jina la tatu ni presha. Hapa watu hukosea kwa njia mbili. Mwingine huumwa na kichwa, akasema ni presha, akameza tembe za jirani. Mwingine haumwi na kichwa, akasema basi hana presha. Ukweli ni kwamba presha nyingi haziumizi popote. Huleta maumivu ya kichwa hasa ikipanda sana, kama 180 juu na 120 chini au zaidi, na hiyo ni dharura ikija na kichwa kikali, macho kufifia au kuchanganyikiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini walikuwa hawajawahi kupimwa presha. Usingoje kichwa kikuambie. Pima.

Vyanzo vya kutafuta

Maumivu ya kichwa yaliyo mengi zaidi ni yale ya kubana. Mtu huhisi kama amefungwa leso ngumu kuzunguka kichwa, pande zote mbili, na shingo na mabega yamekaza. Huchochewa na fikira nyingi, usingizi mdogo, mizigo na kukaa ukiwa umeinama kwa saa nyingi. Fundi cherehani anayajua. Mwendesha bodaboda anayajua. Mzazi anayewaza karo kila muhula unapofungua anayajua pia.

Aina ya pili ni kipandauso. Hiki mara nyingi hushika upande mmoja, hupiga kama ngoma, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hukimbia mwanga na kelele. Hurithiwa katika familia nyingi, na kwa wanawake wengi hufuata siku za hedhi. Mtu akikaa bila kula, akikosa usingizi au akipigwa na jua kali, huamka. Huo ni ugonjwa wa ubongo unaojulikana na una dawa zake. Si wa kuchanjwa kwenye paji la uso kwa wembe, jambo linaloweza kuleta maambukizi na lisilotibu kitu.

Halafu kuna vyanzo vilivyomo ndani ya nyumba na shambani. Kitale hupata baridi kali, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, na familia huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja huamka na kichwa kizito na kizunguzungu, kisha hupoa wakitoka nje, chanzo ni jiko. Gesi hiyo huua watu usingizini. Jiko lilale nje.

Katika mashamba ya mahindi na mboga, kichwa kinachoanza baada ya kunyunyiza dawa za wadudu, pamoja na jasho, mate mengi, macho kuona ukungu au kutapika, ni dalili ya sumu kuingia mwilini. Oga, badilisha nguo, nenda hospitali na chupa ya ile dawa. Na siku nyingine vaa glavu, viatu vya mpira na kinga ya mdomo, simama upande upepo unakotoka, na usile kabla ya kunawa kwa sabuni.

Macho nayo huchangia. Kuanzia miaka 40 hivi, wengi huanza kusogeza kitabu mbali ili waone. Anayekaza macho kutwa nzima akisoma, akishona au akitazama simu anaweza kuumwa na kichwa ifikapo jioni, na miwani ya kusomea ikamsaidia. Mtoto anayelalamika kichwa kila akitoka shule apimwe macho kabla ya kuitwa mtoro.

Usingizi pia uangaliwe. Anayekoroma sana, akiamka na kichwa kizito na kusinzia mchana, huenda pumzi yake hukatika usiku. Na anayeamka saa tisa za usiku akiwaza, hana hamu ya chakula wala ya watu, huenda ana sonona. Sonona huweza kujitokeza kama kichwa kuuma. Kumwambia ajikaze hakumsaidii, lakini matibabu yapo.

Kichwa kisichongoja

Kabla ya kuendelea, yako maumivu ambayo hayahitaji mazungumzo. Yanahitaji gari. Nenda hospitali mara moja ikiwa:

Kichwa kimelipuka ghafla kwa ukali usiowahi kuuona maishani.

Kuna homa na shingo imekuwa ngumu, au mgonjwa anachanganyikiwa, anasinzia asikoweza kuamshwa vizuri, au amepata kifafa.

Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umepinda, au maneno hayatoki sawa.

Maumivu yamefuata kuanguka au ajali, hata kama ajali ilikuwa siku kadhaa zilizopita. Wanabodaboda na abiria wao wasikie hilo.

Mama ana mimba iliyopita wiki 20, au amejifungua juzi, na kichwa kinamuuma sana, anaona nyota au amevimba uso na mikono. Hicho huenda ni kifafa cha mimba kinachokuja.

Mgonjwa anaishi na virusi vya UKIMWI na amepata kichwa kipya kisichokoma. Apimwe uti wa mgongo, maana kuna homa ya ubongo inayoletwa na kuvu, na huua isipotibiwa.

Kichwa kimeanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, au kinazidi wiki hadi wiki, kikiwa kikali zaidi alfajiri pamoja na kutapika, au macho yanaanza kupoteza uwezo wa kuona.

Wengi wa wenye kichwa cha kila siku hawana hata moja kati ya hizo, na wengi hawahitaji picha ya kichwa ya gharama kubwa. Wanahitaji mtu wa kuwasikiliza, na daftari.

Daftari la mwezi mmoja

Nunua daftari dogo, au tumia kurasa za nyuma za daftari la mtoto. Kila siku kwa wiki 4 andika mambo machache: kichwa kimeuma au hakikuuma, kimeanza saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikula saa ngapi, ulilala saa ngapi, na dawa gani umemeza. Wanawake waandike pia siku za hedhi. Asiyejua kuandika achore mstari, au mtoto amwandikie. Mwisho wa mwezi hesabu siku za kichwa, kisha hesabu siku za dawa.

Beba daftari hilo uende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tangu Oktoba 2024, aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anahudumiwa katika ngazi ya 2 na ya 3 kwa gharama ya Hazina ya Afya ya Msingi. Ambaye bado hajajisajili apige *147# kwenye simu yake. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wana mashine ya presha na wanaweza kukupima ukiwa nyumbani. Ikibidi, kituo kitakuandikia rufaa kwenda hospitali ya Webuye, hospitali ya rufaa ya Bungoma au ya Kitale, na kwa mambo mazito zaidi Hospitali ya Moi, Eldoret.

Ikiwa daftari limeonyesha kwamba dawa ndiyo imegeuka, tiba yake ni kuiacha. Semeni ukweli nyumbani kabla ya kuanza, kwa sababu siku za mwanzo ni ngumu. Kati ya siku 2 na 10 hivi kichwa huzidi, na huweza kuja na kichefuchefu, usingizi mbovu na hasira. Wengi hurudia tembe hapo, wakidhani ugonjwa umezidi. Aliyevumilia, kwa wengi kichwa huanza kulegea, na ndani ya miezi 2 hivi hali huwa tofauti. Parasetamoli na wenzake waweza kuachwa mara moja. Lakini anayetumia kodini, tramadoli au dawa za usingizi kila siku asiache peke yake ghafla. Amwone mhudumu apunguziwe polepole. Na anayetumia aspirini ndogo kwa agizo la daktari wa moyo asiiguse.

Kwa wanaohitaji, zipo dawa za kuzuia kichwa kisianze, zinazotolewa kwa agizo. Amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku ni mojawapo, na propranololi ni nyingine, ingawa hiyo haimfai mwenye pumu. Ni dawa za miaka mingi, si za bei ya kutisha, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Mgonjwa asiziache siku ya tano akisema hazina nguvu.

Pamoja na hayo kuna mambo yasiyo na risiti. Kula kitu asubuhi, hata kama ni kiazi na uji. Kunywa maji mchana. Lala na kuamka saa zile zile. Punguza chai polepole, si kwa siku moja. Tembea kwa miguu nusu saa siku nyingi za wiki. Kitambaa cha maji baridi kwenye paji, au cha moto shingoni, na chumba chenye giza kwa mwenye kipandauso. Na baada ya kupona, dawa ya kutuliza isizidi siku 2 kwa wiki.

Waume, wake na watoto mna kazi. Mtu aliyezoea tembe hawezi kuziacha huku akichekwa. Kwa wiki mbili mwondoleeni mzigo mmoja: mwingine apande ile gari ya alfajiri, mwingine apike. Na wenye maduka, mteja akija mara ya nne kwa wiki moja, lile swali "Mama, leo tena?" lisiishie hapo. Mwambie, "Mama, siku zimezidi. Pitia zahanati kwanza." Utapoteza bei ya tembe mbili, na utabaki na mteja.

Yule mama wa viazi, akifungua daftari lake, ataona siku 26 za dawa katika mwezi mmoja. Ataona pia kwamba Jumapili, siku anayokunywa chai na kula kabla ya kanisa, kichwa huchelewa hadi jioni. Hakuna mashine iliyomwonyesha hayo. Ni kuhesabu tu.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, kila mwenye kichwa ajiulize swali moja: mwezi uliopita nimemeza dawa siku ngapi? Kama hukumbuki, anza kuandika kesho asubuhi.